Pengo la Jino: Uvae, Ujengewe Daraja au Upandikize?

Mtu wa Tanga akitaka kuziba pengo, swali analoanza nalo ni "shilingi ngapi?" Ni swali la haki, pesa haiokotwi. Ila mimi kazi yangu ni maabara. Natengeneza meno bandia kwa vipimo wanavyoniletea madaktari, na modeli ya jasi, yaani nakala ya mdomo wa mgonjwa, ikishaganda mezani, jicho langu linakwenda kwanza kwa majirani wa pengo. Jino la kushoto na la kulia yakoje? Yametoboka, yamezibwa, au ni mazima kabisa? Fizi zimeyashika au zimerudi nyuma? Na lile jino la taya la pili lililokuwa likikutana na lililong'olewa, bado limesimama mahali pake au limeshaanza kusogea? Majibu ya hayo ndiyo yanayoamua kipi kikufae. Bei ifuate baadaye, kwa sababu jino la bandia lililo rahisi leo, likiharibu jirani aliyekuwa mzima, mwakani utakuwa na mapengo mawili ya kulipia.

Njia ziko nne: kuliacha pengo lilivyo, meno ya kuvaa na kuvua, daraja linaloshikwa na meno ya jirani, na jino la kupandikiza lenye mzizi wa titani ndani ya mfupa. Nitazipambanisha kufuatana na pengo lenyewe lilipo, maana hakuna iliyo bora kwa kila mdomo.

Kuliacha lilivyo

Hii nayo ni njia, na daktari asiyeitaja hajakupa ushauri kamili. Mtu mzima mwenye meno yote anayo 32, na si lazima abaki nayo yote ndipo ale vizuri. Mwaka 1992 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba mtu aendelee maisha yake yote na meno ya asili yasiyopungua 20 yanayofanya kazi. Kabla ya hapo, mwaka 1981, Mholanzi Arnd Käyser wa Nijmegen alikuwa ameeleza kuwa wengi waliopoteza magego ya nyuma, lakini wakabaki na meno ya mbele na magego madogo (yale yanayofuata chonge) yanayokutana sawasawa, wanakula bila taabu ya maana. Suala hilo likaja kuchunguzwa hapahapa Tanzania, na Paulo Sarita na wenzake wakachapisha matokeo mwaka 2003: wenye magego madogo kamili na walau jozi moja ya magego makubwa inayokutana walitafuna vya kutosha. Waliopata shida hasa ni wale waliobakiwa na jozi chache mno za magego madogo.

Kwa hiyo kama umepoteza gego la mwisho kabisa nyuma, na muhogo na samaki vinapita, pesa yako itafanya kazi kubwa zaidi ikienda kuziba meno yaliyoanza kutoboka na kusafisha ukoga mgumu chini ya fizi. Najua maabara yangu inakosa kazi kwa ushauri huo. Ndio ulio sahihi.

Mambo hubadilika pengo likiwa katikati ya safu, hasa kwa kijana. Gego kubwa la kwanza huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, wazazi wengi hudhani ni la utoto litang'oka lenyewe, na ndilo linalowahi kuoza na kung'olewa. Likitolewa la chini, la nyuma yake linainamia mbele, na la taya la juu, kwa kukosa wa kumkabili, linashuka polepole. Nimeletewa modeli ambayo gego la juu limeshuka hadi linagusa fizi ya chini. Ukizikutanisha taya mbili za jasi, kile kinachoitwa pengo hakipo tena. Hapo hata mwenye pesa yake ya kupandikiza hana pa kuweka jino mpaka lile la juu, zima, lisagwe au litibiwe kwanza.

Mfupa nao hausubiri. Jino likishatoka, mfupa uliokuwa ukilishika unakosa kazi na kusinyaa. Ndani ya mwaka wa kwanza ukingo unaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake, na sehemu kubwa ya upotevu huo ni ile miezi 3 ya mwanzo. Aliye na nia ya kupandikiza siku za mbele aseme kabla jino halijang'olewa, ili daktari alitoe taratibu na kupanga mapema. Wengi hukumbuka baada ya miaka kumi.

Jino moja la mbele

Hapa ndipo haraka inapofanya maharibifu makubwa. Kijana ameanguka na bodaboda pale Chumbageni, jino la mbele limekwenda, wiki mbili mbele ana harusi. Anataka kitu cha kudumu, na anakitaka sasa.

Kilicho cha haraka ni kibamba cha akriliki, plastiki ngumu, chenye jino moja, cha kuvaa na kuvua. Kipimo leo, jino baada ya siku chache. Kinafunika sehemu ya kaakaa, kwa hiyo siku za mwanzo maneno yatajikwaa na mate yatajaa. Kwa kuvukia kipindi cha kidonda kupona, ni kitu kizuri sana na mimi hukipendekeza bila wasiwasi. Kwa miaka mingi, ndipo ninapositasita. Kidogo hivyo kinabonyeza fizi ya meno jirani, na kama hakina waya wa kukishika, mtu anaweza kukimeza usingizini. Akriliki ya kawaida haionekani kwenye picha ya eksirei, hivyo daktari wa kukitafuta ana kazi. Kivue ukienda kulala, bila kukosa.

Cha pili watu wengi hawajakisikia, na kwa pengo la jino moja la mbele ndicho ninachokipenda kuliko vyote kwa kijana: daraja la bawa. Ni jino la bandia lenye bawa jembamba la metali au zirkonia (kauri ngumu), linalogandishwa kwa gundi maalumu nyuma ya jino moja la jirani. Jirani husuguliwa kidogo tu au hasuguliwi kabisa. Uzoefu wa miaka mingi umeonyesha kuwa bawa moja hudumu vizuri kuliko mabawa mawili, kwa sababu meno mawili hayachezi sawa wakati wa kuuma, na moja likiachia, uchafu huingia chini yake bila mwenyewe kujua. Likibanduka unarudi linagandishwa tena. Hujapoteza kitu, jino lako liko palepale. Sharti ni kwamba jirani awe mzima upande wa nyuma, asiwe amezibwa pakubwa, na meno ya chini yasiwe yanaligonga bawa kila ukifunga mdomo.

Daraja la kawaida ni habari nyingine. Meno mawili ya jirani yanasagwa pande zote yabaki vijiti, kisha yanavikwa kofia zilizoungana na jino la katikati. Linapendeza, linashika, linatoka kliniki baada ya wiki mbili tatu. Lakini waliopima wamekuta kwamba kumvika jino kofia nzima huondoa karibu theluthi mbili ya sehemu yake inayoonekana. Fikiria kijana wa miaka 22 mwenye majirani wawili wasio na hata kitundu, anasagiwa meno mawili mazima ili kuziba pengo moja. Baadhi ya meno hayo, kiini chake hufa miaka ya baadaye, yakahitaji tiba ya mzizi chini ya kofia. Kama majirani wenyewe wameoza pembeni, wamezibwa nusu nzima, na wangehitaji kofia hata kusingekuwa na pengo, basi daraja ni haki yao na nitalijenga kwa moyo mkunjufu.

Kupandikiza kwa mbele kunatoa jino linalosimama lenyewe bila kumgusa jirani. Ila mfupa wa mbele juu ni mwembamba, na fizi ikirudi nyuma hata milimita moja inaonekana mtu akicheka, kwa hiyo panahitaji mkono wa aliyezoea. Halafu kijana ambaye taya lake bado linakua asipandikizwe. Kipandikizi hakisogei pamoja na taya, kitabaki nyuma meno mengine yakishuka. Wengi husubirishwa hadi miaka ya ishirini na kidogo, na daraja la bawa huwavusha salama mpaka hapo.

Nikuoneshe kwa karibu jinsi majirani wanavyoamua. Maalim mmoja wa madrasa huku Ngamiani alikuwa amepoteza meno manne ya mbele juu, na yaliyobaki pembeni yalicheza kwa ugonjwa wa fizi. Daktari aliniita kwenye kikao cha nta, pale meno yanapojaribiwa yakiwa yamepangwa kwenye nta kabla ya kutengenezwa kabisa.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba, mwanangu. Mimi uzuri sina haja nao. Nataka thaa yangu na dhali yangu zirudi. Watoto wananifuata ninavyotamka."

Herufi hizo hutamkwa kwa ncha ya ulimi kugusa makali ya meno ya mbele ya juu, na faa hutaka mdomo wa chini ukutane na makali hayohayo. Daraja halikuwezekana, ungeegemeza nini kwenye meno yanayocheza? Kupandikiza katika mdomo ambao fizi zake bado zinaumwa ni kupanda kwenye maradhi. Tukamtengenezea ya kuvaa. Siku hiyo meno yakiwa bado kwenye nta, daktari alimwomba asome. Akasoma aya chache, akasimama, akasema ulimi unafika mapema. Nikayasogeza mbele kiasi cha unene wa kucha, nikapunguza nta nyuma yake, akasoma tena. Mara ya tatu akafumba macho na kuendelea bila kusimama, nasi tukamsikiliza. Ndipo nikaenda kupika akriliki.

Nakisisitiza kikao hicho cha nta kwa sababu wagonjwa wengi hukiona usumbufu, wanauliza kwa nini warudishwe tena. Nta hurekebishwa kwa dakika. Ikishakuwa akriliki, kusogeza jino moja ni kuvunja na kuanza upya. Zungumza, tabasamu, soma, mlete mtu wako wa nyumbani aangalie. Rangi nayo ichaguliwe dirishani kwa mwanga wa mchana, mwanzoni kabisa mwa kikao, kabla meno hayajakauka kwa kuachama. Jino likikauka linapauka na kukudanganya.

Gego moja: daraja au kupandikiza

Kwa gego, bawa la gundi hubeba kwa shida, kazi ya kutafuna ni nzito. Kibamba cha gego moja cha kuvua wengi hukiacha kabatini baada ya mwezi. Mashindano ya kweli ni kati ya daraja na kipandikizi.

Kupandikiza kulianza kwa bahati ya mtafiti. Mwaka 1952 Msweden Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza damu inavyopita ndani ya mfupa wa sungura kwa kutumia kifaa cha titani. Alipotaka kukitoa, mfupa ulikuwa umeshikamana nacho. Mwaka 1965 akampandikizia Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro ya taya, na Larsson akaishi na vipandikizi hivyo hadi alipofariki mwaka 2006. Mpaka leo msingi ni uleule: skrubu ya titani inafungwa ndani ya mfupa kwa ganzi, mfupa unaachwa ushikamane nayo kwa miezi 3 hadi 6, ndipo kofia inafungwa juu.

Ukiyaweka ana kwa ana, kipandikizi kinashinda kwa jirani. Hakimsagi mtu, kinasafishwa kwa mswaki na uzi kama jino la kawaida, na kikipata hitilafu, hitilafu inabaki kwake. Daraja likioza kwenye nguzo moja, kazi nzima inakwenda, na mara nyingine nguzo nayo inang'olewa. Kwa kudumu hawaachani sana kiasi watu wanachodhani. Tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha karibu madaraja 9 kati ya 10 bado yapo mdomoni baada ya miaka 10, na vipandikizi ni zaidi kidogo ya hapo. Hao ni watu waliorudi kliniki kuangaliwa. Aliyefungiwa na kutoweka hayumo kwenye hesabu hiyo.

Daraja linashinda kwa muda na kwa kutohitaji upasuaji. Mwenye kisukari kisichotulia, mvutaji sigara sana, aliyewahi kupigwa mionzi ya saratani kwenye taya, au anayetumia dawa fulani za kuimarisha mifupa, kwake kupandikiza kuna hatari kubwa zaidi na lazima daktari ajue yote hayo kabla. Taya la chini lina mshipa wa fahamu unaopita ndani ya mfupa. Skrubu ikiugusa, mdomo wa chini unaweza kubaki na ganzi, ndiyo maana picha nzuri ya mfupa kabla ya kazi si anasa. Na mfupa ukiwa umekwisha kusinyaa, kutahitajika kuongezwa mfupa kwanza, yaani miezi mingine na pesa nyingine.

Kwa mkazi wa hapa kuna hesabu ya barabara pia. Ukienda kupandikiziwa Dar es Salaam, ni kilomita kama 350 kupitia Segera na Chalinze, na si safari moja: kuna ya vipimo, ya skrubu, ya kuangalia kidonda, ya kofia, na za kila mwaka baada ya hapo. Weka nauli na siku za kazi unazopoteza kwenye bei. Ukitajiwa bei nzuri kupita kiasi, uliza ni ya nini. Wakati mwingine wanakutajia skrubu peke yake, na kiungio cha kushikia kofia, kofia yenyewe na picha vinadaiwa baadaye.

Uamuzi wangu kwa gego moja: majirani wazima, mfupa upo, sukari imetulia na uwezo upo, pandikiza. Majirani walishaharibika na wanahitaji kofia, jenga daraja na ujifunze kupitisha uzi wa kusafishia chini yake, maana mswaki haufiki pale. Huna uwezo wa chochote kati ya hivyo, na upande wa pili unatafuna vizuri, liache kwa sasa, ukaangaliwe kila baada ya miezi kadhaa kama majirani wanainama. Kusagiwa meno mawili mazima kwa sababu tu kupandikiza kumekushinda bei, hapana.

Mapengo mengi, meno machache

Mama wa makamo mwenye mapengo matatu juu na manne chini, pande zote. Hapa vipandikizi ni utajiri, madaraja hayana pa kuegemea, na meno ya kuvaa na kuvua ndiyo yanayobeba. Yako ya aina tatu, na tofauti zake ni kubwa kuliko zinavyoonekana mkononi.

Ya akriliki ndiyo rahisi kuliko yote, yanarekebishika, na jino jingine likitoka mwakani naliongeza palepale. Udhaifu wake ni kwamba hukalia fizi tupu. Kila ukitafuna yanazama, yanaisukuma fizi ya meno yaliyobaki, na mwishowe fizi inashuka.

Ya nailoni, yale laini yasiyo na waya, yanapendwa kwa sababu hayaonekani na hayavunjiki yakianguka. Nayatengeneza anayeyataka, lakini namwambia ukweli: nayo yanazama kwenye fizi, na yakilegea ni vigumu kuyatia bitana jipya, yaani tabaka la ndani linalokaa kwenye fizi, au kuyaongezea jino. Mtu ambaye meno yake mengine yako njiani kutoka asiyachague.

Ya metali, aloi ya kobalti na kromiamu, ni membamba, yanaacha kaakaa wazi ili uisikie ladha na joto la chakula, na yana vijiguu vinavyokaa juu ya meno ya asili. Ukitafuna, uzito unabebwa na meno, fizi inapumzika. Bei yake iko juu ya akriliki na chini sana ya vipandikizi, na kwa mama huyu, kama meno yanayobaki ni imara, ningekwambia ukope kwenye kikoba uyanunue hayo. Lazima yatoke maabara yenye tanuri la kuyeyushia metali, kwa hiyo husubiriwa kidogo. Kasoro yake ni kulabu zinazoonekana ukicheka. Omba daktari azipange nyuma kadiri inavyowezekana.

Yote matatu yanaoshwa kwa sabuni ya kawaida na mswaki laini juu ya beseni lenye maji, yakiponyoka yasivunjike. Dawa ya meno ina chembe zinazoyakwaruza, na kwenye mikwaruzo ndimo uchafu unakaa. Maji ya moto huyapinda. Usiku yalale kwenye maji safi. Anayelala nayo kila siku fizi ya juu hugeuka nyekundu kwa fangasi, na yeye husema "meno yamenikataa" kumbe fizi haijapata kupumzika.

Asiyebakiwa na jino

Kabla hujafika hapa, kuna neno moja kwa mzee anayeambiwa ang'olewe yote: uliza kama mizizi miwili mizima, hasa ya chonge za chini, inaweza kubakizwa. Inatibiwa, inakatwa usawa wa fizi, na meno ya bandia yanakaa juu yake. Mfupa pale haukauki upesi, na mzee anaendelea kuhisi anachouma. Ni kazi isiyo na makuu na inasahauliwa mno.

Kama yameshatoka yote, meno kamili ya juu kwa kawaida hushika vizuri kwa sababu yanafunika kaakaa na mate yanayanyonya. Alasiri ya Ramadhani, kinywa kikikauka, mvaaji huyahisi yakilegea. Ni mate yamepungua, meno hayajaharibika. Ya chini ndiyo mtihani. Hayana kaakaa, ulimi unayasukuma kutoka ndani na shavu kutoka nje, na ukingo wa chini husinyaa haraka mara kadhaa kuliko wa juu. Kwenye taya lililolala bapa, yanaelea kama ngalawa isiyofungwa. Nguvu ya kuuma ya mvaaji wa meno kamili ni karibu robo ya mwenye meno yake, au pungufu. Mishikaki atakata vipande vidogo na kutafuna pande zote mbili kwa pamoja, mahindi ya kuchoma atapukuchua, na chungwa la Muheza atakamua. Miwa aiage.

Ndiyo maana mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walikubaliana kuwa kwa asiye na jino chini, meno ya bandia yanayoshikwa na vipandikizi viwili yawe chaguo la kwanza. Viwili tu, mbele, mahali ambapo mfupa huwa bado upo na mshipa wa fahamu uko mbali. Meno yanabonyezwa kama kifungo, yanavuliwa usiku. Kwa familia ambayo watoto wanataka kuchangia kumfurahisha baba yao, hapa ndipo shilingi ya kupandikiza inapoleta faida kubwa kuliko mahali pengine popote mdomoni. Juu mwachieni ya kawaida, yatamtosha.

Asiye na uwezo huo avae ya kawaida yaliyotengenezwa kwa utulivu, ajipe wiki sita hadi nane za kuzoea kwa vyakula laini, arudi yakikwaruza badala ya kuyasugua mwenyewe kwa kisu, na ayatie bitana mfupa ukishapungua. Yaliyovaliwa mara tu baada ya kung'oa hulegea mapema, kwa sababu kidonda kikipona umbo la fizi hubadilika. Bitana hilo liwe kwenye makubaliano tangu mwanzo.

Jino la kugandishwa mtaani

Kuna mafundi wanaopita na visanduku, wanamimina akriliki inayoganda yenyewe katikati ya majirani wawili, dakika ishirini umepata jino. Ninayaona yakiletwa. Haliondoki, halisafishiki, limefunga fizi chini yake kabisa. Tukilikata, harufu hutangulia, na majirani waliokuwa wazima wameoza kwenye shingo. Katika njia zote nilizozitaja, hata kubaki na pengo wazi ni bora kuliko hili. Madaktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na kuuliza usajili wa anayekugusa mdomo si utovu wa adabu. Asiye na pa kuanzia aende kitengo cha kinywa na meno pale hospitali ya Bombo, hapa Tanga, akaangaliwe kwanza.

Ukiwa kwenye kiti

Muulize daktari akuoneshe majirani wa pengo kwenye kioo na kwenye picha, akwambie hali ya kila mmoja. Uliza atasaga nini na kwa nini. Uliza jino jingine likitoka baada ya miaka mitano, kazi hii itaongezeka au itatupwa. Uliza bei inaisha wapi, na marekebisho ya mwaka wa kwanza yamo au hayamo. Mwenye bima aulize dirishani kabla kipimo hakijachukuliwa, siyo baada. Ugonjwa wa fizi utibiwe kwanza, chochote utakachochagua. Na kama umepandikiza, omba kadi yenye jina la mtengenezaji wa skrubu, ukubwa wake na tarehe, uiweke pamoja na vyeti vyako: kofia ikilegea miaka kumi baadaye na aliyekufungia amehama, hiyo kadi ndiyo itakayomwambia daktari mwingine atumie bisibisi gani.